UZI: Kumchagua maskini kati ya maskini, tafiti zinasemaje?

KaziNaHesabu (mtoa mada)

Wakuu habari za muda huu. Hii mada imenikaa kichwani mwezi mzima nikaona niilete humu maana nikiianza kwenye maongezi ya kawaida watu wanashika simu zao.

Kwenye tafiti za kupunguza umaskini kuna mambo ambayo siku hizi ubishi wake umepoa. Mfano lile la ukimpa maskini pesa mkononi atainywa. Evans na Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 mwaka 2014, wakakuta matumizi ya pombe na sigara hayapandi, sehemu nyingine yanashuka kabisa. Au lile la atakuwa mvivu, Banerjee na wenzake wakarudia data za programu 7 kwenye nchi 6 zinazoendelea, wakatoa majibu 2017, hawakuona watu wakiacha kazi. Kwahiyo hayo tuyaweke pembeni, anayetaka kuyabishia afungue uzi wake.

Ugomvi uliobaki, na ndo mkubwa kuliko yote, ni NANI APEWE.

Tunaambiwa bajeti haitoshi wote kwahiyo lazima uchague. Sawa. Nchi tajiri wanachagua bila jasho, mtu ana mshahara, mshahara unakatwa kodi, unafungua faili lake unaona. Huku kwenye nchi zinazoendelea wengi hawana karatasi ya mshahara, leo kapata kibarua kesho hana keshokutwa kauza kitu, ukimuuliza kipato cha mwezi uliopita anaanza kuhesabu vidole na wewe unaandika tu chochote. Wachumi wakaona isiwe tabu, kama kipato hakionekani tuangalie vinavyoonekana. Wanachukua utafiti mkubwa wa kaya ambao matumizi yamepimwa vizuri, wanaangalia matumizi yanaendana na nini: paa la nini, sakafu ya nini, watu wangapi wanalala chumba kimoja, mkuu wa kaya kasoma mpaka wapi, kuna redio, kuna baiskeli. Kila kitu kinapewa alama. Alafu wanatuma vijana na dodoso fupi nyumba kwa nyumba, kompyuta inajumlisha alama, kuna mstari umechorwa, ukiwa chini ya mstari umeingia, ukiwa juu pole.

Kwa macho ni kitu safi kabisa, hamna mjumbe anaingiza shemeji yake. Tatizo lipo ndani ya hesabu yenyewe. Hizo alama zote ukizijumlisha mara nyingi zinaeleza karibu nusu tu ya tofauti za matumizi kati ya kaya na kaya. Nusu iliyobaki ni vitu ambavyo dodoso halivioni, ugonjwa, deni, mtoto wa mjini aliyeacha kutuma hela, mume aliyeondoka na hela ya mavuno. Na kwenye nchi ambayo wengi ni maskini, kaya ya chini ya mstari na ya juu ya mstari zinapishana kidogo sana, ni kama kupima unga kwa mizani ya magunia.

Brown, Ravallion na van de Walle waliipima njia hii kwa data za nchi 9 za Afrika (walichapisha 2018). Walichokuta ni kwamba inapunguza wasiostahili kuingia, ila gharama yake ni kuacha nje wanaostahili wengi. Na ukilinganisha na njia za kijinga kabisa za kugawa kwa kuangalia tu nani yupo kwenye kaya, watoto, wazee, wajane, tofauti ya kupunguza umaskini ni ndogo mno.

Hao hao watatu wana utafiti mwingine ulionikosesha usingizi. Nchi 30 za kusini mwa Sahara, wakauliza wanawake waliokonda kupita kiasi na watoto wenye utapiamlo wapo kwenye kaya zipi. Karibu robo tatu yao HAWAPO kwenye ile asilimia 20 ya kaya maskini kuliko zote. Yaani hata ungekuwa na mashine ya miujiza inayopanga kaya bila kosa hata moja, ukitoa kwa asilimia 20 ya chini robo tatu ya wenye njaa umewaruka. Njaa inakaa ndani ya nyumba, haikai kwenye paa.

Hoja yangu basi: tuache kuchagua mtu mmoja mmoja. Tuchague kundi ambalo kila mtu atapita, mtoto chini ya umri fulani, mzee juu ya umri fulani, basi. Marehemu Thandika Mkandawire aliyekuwa anaongoza UNRISD (taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa maendeleo ya jamii) aliandika hili 2005, kwamba nchi zilizopiga hatua kweli kwenye umaskini zilianza kwa kuwapa wote au karibu wote, na kwamba kuchagua kunahitaji serikali yenye uwezo mkubwa wa kiutawala, kitu ambacho nchi maskini ndo hazina. Tunawapa mtihani mgumu wale wenye kalamu mbovu.

Karibuni mnipinge.

Chuma Mbili

Naweka kambi hapa.

Mzee wa Mizani

Mkuu mada nzuri na umeipanga, ila umekwepa hesabu moja ndogo ambayo inavunja nusu ya hoja yako.

Chukua fungu la 100. Watu 100, maskini wa kweli 20. Ukigawa kwa wote kila mtu anapata 1, maskini kwa ujumla wao wanapata 20. Sasa chukua mfumo wako mbovu wa alama, uwe mbovu kweli, unakosea nusu kwa nusu, unachagua watu 20 alafu 10 tu ndo maskini wa kweli. Kila mtu anapata 5. Maskini wamepata 50. Mfumo uliokosea nusu nzima umewapelekea maskini mara mbili na nusu ya ule wa haki kwa wote.

Hii sio yangu, Hanna na Olken waliifanya 2018 kwa data za Peru na Indonesia, na wao wanajua fika makosa ya dodoso, bado wakakuta kulenga kunashinda kugawa kwa wote kwa bajeti ile ile. Wanaolilia wote wapewe huwa wanahesabu walioachwa tu, hawahesabu udogo wa kile ambacho kila mtu atapata.

Alafu usisahau Mexico. Progresa, programu yao ya kuwapa kaya maskini pesa, ilianza 1997, wakachagua vijiji alafu ndani ya kijiji wakachagua kaya kwa alama hizo hizo unazozisema. Vijiji 506 vikaingia kwenye utafiti, 320 vikaanza mapema na 186 vikasubiri, ndo maana tuliweza kuona matokeo vizuri. Watoto waliingia sekondari zaidi, hasa wasichana. Sasa kosa la kuchagua lilikuwepo au halikuwepo? Lilikuwepo. Programu ilifanya kazi au haikufanya? Ilifanya.

KaziNaHesabu

Mkuu Mizani heshima kwako, hiyo hesabu naikubali na nilijua italetwa.

Ila ina sehemu mbili inaficha. Ya kwanza, 50 yako ni ya kundi, hailiwi na kundi. Kuna 10 wamepata 5 na kuna 10 wamepata sifuri, na hao wa sifuri ni maskini sawa sawa na wenzao wa jirani, wamekosa kwasababu marehemu baba aliezeka bati. Ya pili ndo kubwa, umeshika fungu la 100 kama vile limeshuka toka mbinguni. Fungu linatokana na siasa. Korpi na Palme walionyesha 1998 kwamba nchi zilizolenga maskini tu ndo zilipunguza tofauti ya kipato kidogo kuliko zilizotoa kwa wengi, kwasababu ukitoa kwa wengi wengi watalipigania fungu likue. Ukitoa kwa 20 wasio na sauti, bajeti ijayo ikibana unadhani panakatwa wapi?

Mzee wa Mizani

Korpi na Palme walitumia nchi tajiri. Hizo zina mfumo wa kodi wa kumrudishia tajiri mkono mfukoni, anapewa kushoto anachukuliwa kulia. Nchi ambayo walipa kodi ya mapato wanajulikana kwa majina, unayempa kimakosa umempa moja kwa moja, harudishi.

KaziNaHesabu

Hiyo point nakupa. Sina jibu lake la haraka.

DodosoMkononi

Habarini wakubwa. Mimi sio mchumi, mimi ndo yule kijana wa dodoso anayesemwa huko juu, nimefanya hiyo kazi awamu mbili kwa projekti ambayo sitaitaja na nchi pia niacheni.

Nataka niwaambie inavyokuwa. Siku ya kwanza watu wanakujibu ukweli wote. Siku ya pili kijiji kizima kinajua redio ni kitu kibaya. Siku ya tatu hakuna redio hata moja kijiji kizima, ila ukipita jioni unasikia taarifa ya habari kila dirisha. Siwalaumu, hata mimi ningeficha.

Lakini hao sio walioniumiza. Kuna mama mmoja nilimkuta, nyumba nzuri, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, mume alikuwa dereva akafariki miezi saba nyuma, ndani hamna kitu, ameshauza mpaka vitanda, watoto wanalala chini kwenye hiyo hiyo sakafu ya saruji. Nikajaza. Sakafu saruji. Ukuta tofali. Hakuna mahali pa kuandika kwamba vitanda vimeuzwa, kulikuwa na swali la idadi ya vyumba lakini sio la vitanda. Nikamwambia msimamizi akasema usiongeze kitu jaza kilichopo. Matokeo yalivyotoka mama yule hakuwemo na mimi ndo niliyetumwa kwenda kubandika majina ukutani.

Alinifuata akaniuliza nimekosea kujibu swali gani. Nilishindwa kumwambia kwamba amejibu yote sahihi.

Chuma Mbili

Duh.

Binti Kalenda

Kaka Dodoso pole sana, na hiki alichosema ndo kiini cha mambo kuliko hizo hesabu za juu. Umaskini ni mlango, watu wanaingia na kutoka. Orodha inapigwa mara moja alafu inatumika miaka mitano sita mingine zaidi, aliyefiwa mwezi wa pili baada ya orodha anasubiri orodha ijayo kama anasubiri uchaguzi.

Ila wakuu mbona hamjagusa njia ya wanakijiji wenyewe kuchagua? Indonesia walifanya jaribio zuri sana (Alatas na wenzake, 2012), vitongoji 640, vingine wakatumia alama, vingine watu wakaitwa mkutano wapange majirani zao toka maskini kabisa mpaka tajiri, vingine mchanganyiko. Ukipima kwa matumizi ya mtu mmoja alama zilishinda kidogo. Lakini ukiuliza watu wenyewe wameridhika? Njia ya mkutano ilishinda kwa mbali, malalamiko machache sana. Na lile tunaloliogopa wote, kwamba vigogo wataingiza watu wao, hawakuliona kwa kiasi cha kutisha.

Kilichonifurahisha ni kwamba wanakijiji hawakukosea, walikuwa wanapima kitu kingine. Mjane wanamshusha chini hata kama leo ana kula. Yaani wanaona kesho, dodoso linaona paa. Yule mama wa kaka Dodoso kwenye mkutano angepita bila kupingwa.

Kingine cha pembeni, mkutano ukiwa mrefu watu wanachoka, kaya zinazojadiliwa mwishoni zinapangwa ovyo kuliko za mwanzo. Kwahiyo hata demokrasia ina muda wake wa kuisha betri.

NjiaPanda

Mnajichosha. Hizi tafiti zote ni za wazungu wanakuja kutufanya panya wa maabara, kijiji hiki kipewe kile kisipewe waandike PhD wakachukue Nobel (2019 si walichukua?), sisi tunabaki na umaskini wetu. Mtu mmoja anitajie nchi iliyotoka kwenye umaskini kwa majaribio ya kura ya bahati nasibu.

KaziNaHesabu

NjiaPanda kwenye hilo la mwisho hukosei, hakuna, na hata Angus Deaton ambaye Nobel yake aliichukua 2015 kwa kazi ya matumizi na umaskini amelisema kwa miaka, kwamba jaribio linakwambia kitu kimefanya kazi pale, halikwambii kitafanya kazi kwako. Ila hilo la wazungu punguza. Progresa ilibuniwa na Wamexico wenyewe na pesa za serikali yao. Ile programu ya kumpa mtu mali, mafunzo na posho kwa pamoja ilianzia kwa shirika la BRAC, Bangladesh, 2002, baadae ndo ikajaribiwa nchi 6 nyingine na ikaleta matokeo. Na Mkandawire ni wa Malawi. Tukisema kila kilichopimwa ni cha mzungu tunawanyang'anya watu wetu jasho lao.

Mzee wa Mizani

Naongezea kwa NjiaPanda, kijiji kile "kisipewe" mara nyingi pesa haitoshi wote mwaka huo kwa vyovyote. Kupiga kura nani aanze sidhani kama ni unyama kuliko mkubwa mmoja kuchagua kijiji cha mama yake.

NjiaPanda

Hiyo nimeielewa. Bado siipendi.

Chuma Mbili

Swali la mjinga, siku hizi si kuna hii akili ya kompyuta? Kwanini wasiiachie ichague yenyewe wakaacha kusumbua watu na madodoso?

Binti Kalenda

Sio swali la mjinga, Togo wamefanya. 2020 corona imeingia, hawana orodha ya kaya ya kueleweka, hawawezi kutuma wahojaji, wakaanzisha Novissi, pesa zinatumwa kwenye simu. Awamu moja wakatumia data za simu, kompyuta ikajifunza jinsi mtu maskini anavyotumia laini yake, anapiga mara ngapi, anaongeza salio kiasi gani, ikachagua kwenye maeneo maskini zaidi. Wakina Aiken na Blumenstock wakaipima wakachapisha 2022. Iliwaacha nje maskini wachache kuliko njia nyingine zilizokuwepo pale za kuchagua kwa eneo au kazi, ila isingeifikia orodha kamili ya kaya kama ingekuwepo. Kwa dharura mimi naipa maksi.

Kwa siku za kawaida naogopa. Asiye na simu hayupo duniani. Na yule mama akiuliza amekosea nini utamjibu nini, kwamba alipiga simu kidogo?

DodosoMkononi

Afadhali mimi nilikuwa na sura ya kutukanwa.

Mzee wa Mizani

Kuna njia ya nne hamjaitaja, mtu ajichague mwenyewe. India ile sheria ya ajira vijijini ya 2005 ilikuwa siku 100 za kazi kwa kaya kwa mwaka, anayetaka aje achimbe. Tajiri haji. Na Indonesia tena, wale wale, walijaribu kwamba badala ya mhojaji kumfuata kila mtu, anayejiona maskini aende mwenyewe kujiandikisha na kusubiri foleni. Waliojitokeza walikuwa maskini zaidi kuliko orodha ya kufuata watu majumbani. Kusumbuka kidogo tu kunachuja.

Binti Kalenda

Kunachuja na mlemavu, na bibi wa miaka 80, na mama mwenye mapacha mgongoni. Mzee wangu nakuheshimu ila hiyo ya achimbe ndo apewe mimi hapana.

Na ukianza masharti hayaishi. Malawi, Zomba, walijaribu na wasichana, wengine wapewe pesa kwa sharti la kwenda shule na wengine bila sharti (Baird na wenzake, 2011). Kweli wa sharti walihudhuria shule zaidi. Lakini mimba na ndoa za utotoni zilipungua kwenye kundi la BILA sharti, kwasababu yule aliyeacha shule ndo alikuwa anazihitaji zaidi na sharti lingemkatia. Inategemea ulikuwa unataka nini.

KaziNaHesabu

Wakuu nimesoma yote, nilikuwa kazini. Mmenisogeza kidogo niseme ukweli.

Mizani kanisogeza kwenye pesa. Kwa nchi ambayo fungu ni dogo sana na maskini ni wachache wanaoonekana, kulenga kuna mantiki. Kalenda kanisogeza kwenye mkutano wa kijiji, nilikuwa naudharau.

Nisiposogea ni pale ambapo nusu ya nchi au zaidi ni maskini, hapo kuchora mstari kati ya wa 40 na wa 41 ni kiinimacho. Na aliyeingia "kimakosa" hapo sio hasara kama tunavyoiandika kwenye ripoti. Kenya magharibi, Egger na wenzake, vijiji 653, kaya zaidi ya 10,000 zikapewa karibu dola 1,000 kila moja, wakafuatilia pesa ilipokwenda. Kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa pale kwa takriban dola 2.5, na majirani ambao hawakupewa hata senti matumizi yao yalipanda nao, bei hazikuruka. Sasa niambieni kosa ni lipi, jirani kapata.

Na msiseme kwa wote haiwezekani. Mauritius walianza kulipa wazee wote 1958. Lesotho walianza 2004, kwa kuanzia miaka 70 ili waimudu. Zanzibar 2016, nao miaka 70. Unaanza na umri mkubwa, watu wachache, bajeti ndogo, alafu unashusha umri kadri unavyopata nguvu. Na pesa ya bibi haiishii kwa bibi, Duflo aliangalia pensheni ya Afrika Kusini akakuta wajukuu wa kike wanaoishi na bibi anayelipwa uzito wao ulikuwa bora, akilipwa babu hakuona hiyo tofauti (akina babu msinishambulie, ni data).

Hapo hamna dodoso, hamna redio ya kuficha. Swali ni moja tu, umezaliwa lini.

DodosoMkononi

Mkuu nakuunga mkono ila ngoja nikuambie kuhusu hilo swali moja. Lilikuwepo kwenye dodoso letu, swali namba 4. Ndo lilikuwa linachukua muda kuliko yote. Bibi anakwambia nilizaliwa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yapi bibi? Yale makubwa. Mnaita mzee mwingine, anasema huyu tulicheza wote ila mimi alinizidi, mnaenda kanisani au msikitini kutafuta daftari, daftari limeliwa na mchwa. Mwisho unakadiria kwa umri wa mtoto wa kwanza.

Niliandika 69 kwa mabibi wengi tu bila kujua kwamba kuna siku 69 na 70 ingekuwa ndo mstari wenyewe.

KaziNaHesabu

Aisee. Hivi walitumia nini kuthibitisha umri huko walikoanza, cheti, kadi ya kura au mashahidi? Mwenye uzoefu wa huko aje, mimi nasubiri.